Mgeni wa Chumba cha Nyuma: Barua Zenu Kuhusu Watu Waliojificha

Toleo lililopita niligusia, kwa aya moja tu, kwamba nilipokuwa na miaka tisa alikaa nyumbani kwetu mtu aliyekuwa akitafutwa na serikali kwa sababu ya siasa zake. Alikuwa ameandika na kusambaza karatasi, hakuwa ameua mtu. Alikaa miezi saba katika chumba cha nyuma. Sikutegemea aya ile ingeleta barua nyingi kiasi hiki. Zilizofanana nimezijibu pamoja, na mbili zilizotaka niwaeleze namna ya kupata vitambulisho vya bandia nimeziweka kando.

*Shikamoo Mama. Nimesikia habari za yule mama wa Kijerumani aliyekamatwa Berlin baada ya kutafutwa miaka thelathini. Mtu anawezaje kujificha muda wote huo katikati ya jiji? Alikuwa anajifungia ndani?*

Marahaba. Huyo ni Daniela Klette. Alikamatwa tarehe 26 Februari 2024 kwenye nyumba ya kupanga huko Kreuzberg, akiwa na miaka 65. Anahusishwa na Rote Armee Fraktion, kundi la mrengo wa kushoto lililoua na kulipua mabomu Ujerumani kwa miaka mingi, kisha likatangaza kujivunja mwaka 1998. Waendesha mashtaka walisema kwamba baada ya hapo yeye na wenzake wawili waliishi kwa kupora magari ya fedha na maduka makubwa, kati ya 1999 na 2016.

Hakujifungia hata kidogo. Majirani walimjua kwa jina la Claudia, alikuwa na mbwa, na alicheza capoeira, mchezo wa Kibrazili wa mapigano na ngoma, na kikundi chake mpaka picha zake zikawa kwenye intaneti kwa yeyote kuziona. Mwandishi mmoja wa habari alizipata kwa programu ya kutambua sura, miezi kadhaa kabla polisi hawajagonga mlango wake.

Watu hudhani aliyejificha ni yule wa mapazia yaliyofungwa mchana. Huyo ndiye anayeshukiwa wa kwanza mtaani. Anayepita kila asubuhi na mbwa wake, akasalimia, akauliza hali ya mgonjwa wako, huyo baada ya mwaka mmoja mtaa unamlinda bila kujua kwamba unamlinda. Kathleen Soliah, wa Symbionese Liberation Army, kundi la wanamapinduzi wenye silaha la Marekani, aliishi St. Paul, Minnesota, kwa jina la Sara Jane Olson. Aliolewa na daktari, akazaa mabinti watatu, na akawa akipanda jukwaani kuigiza mbele ya watu. Jukwaani, mwanangu, taa zikimmulika! Alikamatwa Juni 1999 baada ya picha yake kuonyeshwa kwenye televisheni. Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini tangu atoroke.

Lakini wale majirani, wale wachezaji wenzake wa capoeira, wale waliokaa naye meza moja, wote walikuwa wamempa urafiki mtu ambaye hawakumjua. Siku polisi walipofika, walipoteza rafiki, na juu ya hapo wakabaki wakijiuliza kama waliwahi kuwa naye. Hao hakuna gazeti linalokwenda kuwauliza wamelalaje usiku ule.

*Mama, tumebishana kazini nusu siku. Ni kweli Mandela alikamatwa kwa sababu alikataa kunyoa ndevu?*

Kuhusu kukataa kunyoa, ni kweli. Wenzake walimsihi aziondoe kwa sababu picha zake zilizojulikana zilimwonyesha na ndevu, naye alikuwa amezizoea, hakutaka. Ila hazikumkamatisha. Tarehe 5 Agosti 1962 polisi walilisimamisha gari alilokuwamo karibu na Howick, Natal, akijifanya dereva wa Mzungu mmoja mtu wa maigizo, Cecil Williams. Gari lilikuwa likisubiriwa. Alikuwa amekaa mafichoni miezi 17, mara dereva, mara mtunza bustani, na kule shamba la Liliesleaf, Rivonia, akijiita David Motsamayi.

Kilichokaribia kumkamatisha mapema ni chupa ya maziwa. Alihifadhiwa kwa muda na rafiki yake Wolfie Kodesh, Johannesburg, katika eneo la Wazungu. Mandela aliendelea na mazoea ya nyumbani: aliweka maziwa dirishani yagande. Siku moja akasikia vijana wawili chini ya dirisha wakiongea Kizulu, mmoja anashangaa, maziwa yetu yanafanya nini kwenye dirisha lile? Walijua Mzungu hagandishi maziwa namna ile. Mandela alielewa papo hapo, akahama.

Kisa hicho kila nikikikumbuka namwona marehemu mama yangu na vikombe vyake. Tulikuwa watu watano nyumbani. Mgeni akiingia ghafla akakuta vikombe sita vimetumika, hesabu inakataa. Kwa hiyo kikombe cha yule mgeni wetu kilioshwa papo hapo, kikafutwa, kikarudi kabatini kabla sisi wengine hatujamaliza kunywa. Jioni moja nimebeba vikombe viwili, changu na chake, naelekea chumba cha nyuma, jirani akaingia bila kubisha hodi. Mimi nikaganda. Mama akasema tu, "Lete hapa." Akakaa, akapokea kikombe cha kwanza, akakinywa chote huku anamsikiliza jirani, akakiweka chini, akapokea cha pili, akakinywa nacho, kama ndiyo desturi yake ya kila siku. Kilikuwa cha moto. Niliona mkono wake ukitetemeka chini ya meza, juu ya meza haukutetemeka.

Chumbani kule mgeni alikaa na kiu mpaka usiku, na hakuuliza.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Naomba kujua, mtu aliyejificha miaka mingi hujuta? Au huzoea, maisha yakaendelea?*

Yote mawili hutokea kwa mtu mmoja. Acha nikupe habari za mmoja ambaye nimesoma habari zake kwa muda mrefu kuliko wengine.

Katherine Ann Power alikuwa mwanafunzi kama wewe, Chuo Kikuu cha Brandeis, akipinga vita ya Vietnam. Tarehe 23 Septemba 1970 yeye, mwanafunzi mwenzake na wanaume waliowahi kufungwa waliiba benki mjini Boston ili wapate fedha za kupinga vita. Power alikuwa kwenye gari la kutorokea, mbali kidogo. Polisi aliyefika kwenye benki, Walter Schroeder, alipigwa risasi mgongoni na mmoja wa wanaume wale. Alikuwa na watoto tisa.

Power aliishi miaka 23 nje ya jina lake. Mwishowe alikuwa Oregon, anaitwa Alice Metzinger, mpishi, ana sehemu ya mgahawa, anafundisha mapishi, ana mtoto wa kiume. FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walikuwa wameshamwondoa kwenye orodha yao ya wanaotafutwa zaidi tangu 1984. Kama swali ni kukamatwa tu, alikuwa ameshinda.

Alikuwa mgonjwa wa sonona. Hapa naomba usome taratibu. Unapokwenda kwa mtaalamu wa maradhi hayo ya akili, anataka umwambie ulikotoka: wazazi, shule, siku mbaya ya kwanza. Yeye kila sehemu hiyo ilikuwa imefungwa. Hawezi kupona bila kusema, na akisema amejikamatisha. Wenzake wakicheka naye, wanacheka na Alice. Akipendwa, anapendwa Alice. Yule wa ndani hapati hata salamu. Septemba 1993 alirudi Massachusetts akajisalimisha kwa miguu yake mwenyewe.

Wakati huo magazeti mengi yalimwandika yeye: upishi wake, huzuni yake, mwanawe. Siku ya hukumu ndipo binti mkubwa wa Schroeder, ambaye mwenyewe alikuwa ameshakuwa polisi, aliposimama akaongea habari za baba yake. Ilikuwa haki yake, na ilikuwa imechelewa. Miaka 23 ambayo Power alikuwa akijificha, watoto tisa walikuwa wakikua bila baba, na wala hawakuwa na pa kujificha. Power alihukumiwa miaka 8 hadi 12. Mwaka 1998 aliomba kuachiwa mapema, kisha baada ya kuisikia familia ile akaliondoa ombi lake mwenyewe. Alitoka mwaka uliofuata.

Sasa umeuliza kama hujuta au huzoea. Naona alizoea kujificha kabisa, mpaka akawa mtaalamu. Ambacho hakukizoea ni kutokuwepo. Mgeni wetu aliniambia jambo la aina hiyo mara moja, nami nikiwa mdogo sikulielewa. Aliniomba nimwite kwa jina lake halisi, kwa kunong'ona, mara moja tu, nikiwa nimesimama mlangoni. Nikalinong'ona. Akageuka ukutani kwa muda. Nilidhani nimemkosea.

*Kuna Mmarekani mweusi anaishi Imbaseni karibu na Arusha, aliwahi kuwa Black Panther. Na yeye yuko mafichoni?*

Hapana, na tusichanganye mambo haya mawili. Pete O'Neal alikuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi waliopigania haki zao, huko Kansas City. Mwaka 1970 alitiwa hatiani kwa kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa jimbo, akahukumiwa miaka minne, akaondoka kabla ya kuitumikia. Akapitia Sweden na Algeria, na tangu 1972 yuko Tanzania. Yeye na mkewe Charlotte walijenga kituo cha jamii ambacho vijana wengi wamepitia. Anaitwa jina lile lile walilomjua nalo Kansas City, na ukitaka kumsalimia unauliza njia. Huyo ni mkimbizi wa siasa, yuko uhamishoni. Amekosa kwao, nalo ni jambo zito, lakini hajalazimika kumdanganya jirani yake juu ya yeye ni nani.

*Shikamoo Mama. Nina miaka 41. Mama yangu alipougua mwaka jana aliniambia kwamba jina la ukoo tunalotumia si letu. Baba alilichukua nikiwa mchanga, alipokuwa anatafutwa kwa mambo ya siasa, na hakulirudisha tena. Baba alishafariki. Nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi, na mama hataki kurudia mazungumzo hayo. Nimwache au nimuulize tena?*

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma usiku nikaiacha, nikairudia asubuhi.

Hasira yako ni halali, usikubali mtu akuambie uifiche eti baba alikuwa na sababu. Sababu alikuwa nazo yeye. Wewe hukuulizwa. Mtoto wa mtu anayejificha huingizwa kwenye siri kabla hajajua kusema, na hiyo ndiyo sehemu ambayo hata wao wenyewe wakija kuandika kumbukumbu zao huwa wanaipitia haraka.

Wapo waliofikiria watoto wao wakabadili njia. Bernardine Dohrn alikuwa kiongozi wa Weather Underground, kundi la vijana wa Marekani lililotega mabomu kwenye majengo ya serikali kupinga vita ya Vietnam. FBI walimweka kwenye orodha ya kumi wanaotafutwa zaidi mwaka 1970. Alizaa na mwenzake Bill Ayers wakiwa mafichoni, mtoto wa kwanza mwaka 1977, wa pili mwaka 1980, na Desemba ya mwaka huo huo wakajitokeza Chicago. Mashtaka mazito yalikuwa yameshafutwa. Dohrn alitozwa faini ya dola 1,500 na kuwekwa chini ya uangalizi miaka mitatu.

Mwenzao Kathy Boudin hakujitokeza. Alinusurika tarehe 6 Machi 1970 pale bomu walilokuwa wakilitengeneza wenzake lilipolipuka ndani ya nyumba huko Greenwich Village, New York, likaua watatu wao. Akakimbia, na akaendelea kukimbia miaka kumi na moja. Tarehe 20 Oktoba 1981 alimwacha mwanawe wa miezi 14 kwa mlezi, akaenda kushiriki uporaji wa gari la fedha uliogharimu maisha ya mlinzi mmoja na polisi wawili. Alitarajia kumchukua mtoto jioni. Alikamatwa siku ile, akatoka gerezani mwaka 2003. Mtoto alilelewa na wale wale Dohrn na Ayers, akikua kwa safari za kwenda kuwaona wazazi wake wote wawili gerezani, na alipokuwa mtu mzima akawa mwanasheria, kisha mwendesha mashtaka mkuu wa San Francisco. Familia tatu nyingine zilizika watu wao wiki ile, nazo zina watoto pia.

Baba yako simjui, wala sijui alifanya nini. Nakueleza haya ili ujue kwamba wewe si wa kwanza kubeba mzigo uliofungwa na mtu mwingine, na walio kama wewe wamekuwa watu wazima wenye majina yao.

Sasa mama. Muulize, ila badili swali. Ukimuuliza "kwa nini mlinidanganya" unamweka kizimbani, na mtu aliyeishi akihofia kuhojiwa, hicho ndicho chumba asichoweza kukaa. Muulize vitu vidogo. Siku mliyohama mlibeba nini? Nani aliwapokea? Ilikuwaje mara ya kwanza kusikia watu wanakuita kwa jina jipya? Mimi mama yangu nilimuuliza "kwa nini" kwa miaka, akawa ananijibu kwamba chungu kimechemka, nenda kakitazame. Siku nilipomuuliza kuhusu vile vikombe viwili vya moto, aliongea saa mbili mfululizo. Akaniambia kwamba usiku ule, baada ya jirani kuondoka, alitapika. Akaniambia kwamba alikuwa na hasira na baba kwa kumleta yule mtu bila kumuuliza yeye. Miaka thelathini sikujua kwamba na yeye hakuulizwa.

Pengine na mama yako hakuulizwa.

Kuhusu jina lenyewe, usiende kulibadilisha kwa hasira. Ndilo lililo kwenye vyeti vyako, na watoto wako kama unao wamelirithi. Ukitaka kujua la awali kwa ajili ya kuwatafuta ndugu, hilo ni jambo jema, lifanye polepole, na ukihitaji kugusa hati zozote mwone mwanasheria kwanza.

*Unawaonea huruma wahalifu. Mtu anayejificha ana la kuficha.*

Sijawaita mashujaa walioua. Nimetaja waliouawa katika kila jibu lililowahusu na nitaendelea kuwataja. Lakini sentensi yako ya pili siikubali. Katika kuwasaka Weather Underground, FBI waliingia kwa siri, bila kibali cha mahakama, kwenye nyumba za ndugu na marafiki wa waliotafutwa, watu ambao hawakuwa na kosa. Wakubwa wawili waliotoa idhini, Mark Felt na Edward Miller, walitiwa hatiani Novemba 1980, kisha Rais Reagan akawasamehe mwaka 1981. Uvunjaji sheria wa namna hiyo ndio uliofanya mashtaka mengi yaanguke. Ndugu wa anayetafutwa huwa hana la kuficha, na bado nyumba yake inapekuliwa. Nimeishi kwenye nyumba ya namna hiyo.

*Na yule mgeni wenu, aliishia wapi?*

Hili limeulizwa na watu kumi na mmoja, basi nijibu.

Aliondoka usiku, mvua inanyesha, na viatu vya baba, kwa sababu vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa kutovaliwa miezi saba. Asubuhi chumba kilikuwa kimefagiliwa na yeye mwenyewe. Baba alikamatwa wiki tatu baadaye, akashikiliwa siku arobaini, akarudi amekonda na hakuwahi kutusimulia.

Miaka mingi ikapita, nyakati zikabadilika, waliotafutwa wakasamehewa. Siku moja mchana kweupe akabisha hodi mlango wa mbele. Mzee, ana fimbo, amebeba jozi ya viatu vipya kwenye boksi. Akajitambulisha kwa majina yake yote matatu, kwa sauti, pale mlangoni, mpaka jirani akachungulia. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alivipokea viatu, akamkaribisha, akamwita kwa lile jina la bandia. Hakuweza jingine. Alimwita hivyo kila alipokuja, miaka yote iliyobaki, naye kila mara aliitika. Vikombe vyao viwili vilibaki mezani mpaka jioni.